Ndege Isiyotimiza Gramu Mbili

Miongoni mwa michezo ya anga inayosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga (FAI), lililoundwa Paris mwaka 1905, umo mmoja ambao washindani wake huchukia hata upepo mdogo unaopenya mlangoni, nao ni ule wa kurusha ndani ya majengo ndege ndogo zinazoendeshwa kwa utepe wa mpira uliosokotwa. Ndege hizi hazina injini, betri wala chombo cha kuziongoza kutoka mbali. Hubeba nishati yao yote katika kitanzi kimoja chembamba cha mpira, na zikishaachwa na mkono wa mrushaji hupanda, huzunguka na kushuka kwa kufuata umbo zilizopewa mezani wakati wa kuundwa. Mshindi wake si yule ambaye ndege yake inakwenda kasi au mbali, bali ni yule ambaye ndege yake inakawia zaidi kugusa sakafu, na kwa kuwa kukawia huko hutegemea akiba ndogo mno ya nishati, mchezo wote umekuwa elimu ya kutumia kidogo kwa muda mrefu.

Daraja la juu la mchezo huu, ambalo ndilo hushindaniwa katika mashindano ya dunia yanayofanyika kila baada ya miaka miwili, hujulikana kwa alama ya F1D. Kanuni za sasa za daraja hilo zinataka bawa lisizidi sentimita 55 kutoka ncha hadi ncha, ndege yenyewe bila mpira isipungue gramu 1.4, na mpira usizidi gramu 0.4. Kwa hiyo ndege kamili, ikiwa tayari kuruka, huwa na uzito wa gramu 1.8 hivi, ilhali karatasi moja ya kawaida ya kuandikia, ya ukubwa wa A4, ina uzito wa gramu 5. Katika kumbi ndefu zenye hewa tulivu warushaji hodari hufikisha karibu nusu saa kwa mruko mmoja, na zamani, kanuni ziliporuhusu bawa pana na mpira mwingi zaidi, nusu saa hiyo ilipitwa kwa mbali.

Msomaji anaweza kujiuliza inakuwaje mpira wa gramu 0.4 uibebe ndege hewani kwa muda kama huo. Mpira bora kabisa, ukisokotwa hadi karibu na kukatika, huhifadhi nishati isiyozidi jouli 5 katika uzito huo, na jouli 5 ni nishati inayotosha kuinua kilo moja kwa nusu mita tu. Nishati hiyo ikigawanywa kwa sekunde 1,800 za nusu saa, ndege inabakiwa na nguvu isiyozidi sehemu 3 za elfu za wati moja. Hakuna hila inayoweza kuongeza akiba hiyo. Linalowezekana ni kuunda chombo ambacho mahitaji yake ni madogo kiasi hicho, na hapo ndipo sheria za hewa zinapomfaa mwenye subira.

Ndege yoyote inayoruka kwa usawa hutumia nguvu kwa ajili ya mambo mawili: kusukuma hewa chini ili yenyewe isianguke, na kushinda ukinzani, yaani ile hali ya hewa kukizuia kitu kinachopita ndani yake. Kadiri ndege inavyokuwa nyepesi ikilinganishwa na eneo la mabawa yake, ndivyo inavyoweza kuruka polepole bila kuanguka, na kadiri inavyoruka polepole ndivyo inavyohitaji nguvu kidogo zaidi. Uhusiano huo ni wa neema kubwa kwa waundaji, kwa sababu ndege yenye mabawa yaleyale ikipunguzwa uzito kwa nusu, nguvu inayohitajika haipungui kwa nusu tu, bali hushuka hadi karibu theluthi moja ya ile ya awali. Ndege ya F1D huruka kwa mwendo wa karibu nusu mita kwa sekunde, polepole kiasi kwamba mtu anayetembea kwa hatua za kawaida huipita bila kutaka. Rafadha yake, yaani lile panga la mbele linalozunguka na kuivuta ndege, ina kipenyo kinachokaribia urefu wa bawa lenyewe, nayo huzunguka mara moja hivi kwa sekunde, hata mtazamaji akaweza kuhesabu mizunguko yake kwa macho. Ukubwa huo una sababu: kusukuma hewa nyingi taratibu hupoteza nishati kidogo kuliko kusukuma hewa kidogo kwa kasi.

Asili ya ufundi huu ni ya zamani kuliko ndege zinazobeba abiria. Mfaransa Alphonse Pénaud, aliyezaliwa mwaka 1850, ndiye aliyeupa mpira uliosokotwa nafasi yake katika historia ya anga. Kabla yake wavumbuzi walijaribu chemchemi za chuma na mitambo midogo ya mvuke, ambayo ilikuwa mizito mno kwa vyombo vidogo. Tarehe 18 Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, Pénaud alirusha mbele ya mashahidi ndege ndogo aliyoiita Planophore, yenye bawa la sentimita 45 na uzito wa gramu 16, iliyokuwa na rafadha upande wa nyuma. Ndege hiyo iliruka kwa sekunde 11 na kwenda karibu mita 40. Muda huo ni mfupi, lakini jambo la maana ni kwamba chombo kizito kuliko hewa kiliruka kwa nguvu yake chenyewe huku kikijirudisha sawa kila kilipoyumba, kwa sababu Pénaud alikuwa amepinda ncha za mabawa kwenda juu na kuweka mkia mdogo ulioinamishwa kwa pembe maalumu. Kanuni hizo mbili za ulinganifu bado zinatumika katika ndege za F1D za leo, na ni haki kusema kwamba kila anayeshiriki mchezo huu ni mrithi wa kijana huyo aliyefariki mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 30, kabla ya kuona ndoto yake ya ndege ya kubeba watu ikitimizwa.

Urithi wake ulifika mbali zaidi ya bustani za Paris. Mwaka 1878 mchungaji mmoja wa Marekani, Milton Wright, aliwaletea wanawe wawili kitu cha kuchezea kilichofuata ubunifu wa Pénaud, yaani helikopta ndogo iliyopaa kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Wana hao walikuwa Wilbur, mwenye umri wa miaka 11, na Orville, mwenye miaka 7, ambao Desemba 1903 walirusha ndege ya kwanza yenye injini iliyobeba mtu na kuongozwa naye. Wenyewe walikitaja kitu hicho kuwa chanzo cha hamu yao ya kuruka, kwa hiyo mpira wa kusokota una sehemu halisi katika nasaba ya usafiri wa anga, hata kama vitabu vingi huutaja kwa sentensi moja.

Tofauti kati ya gramu 16 za Pénaud na gramu 1.4 za leo imeletwa zaidi na vifaa vinavyotumika kuundia. Mifupa ya ndege hizi huchongwa kutoka mti wa balsa, unaoota haraka katika misitu ya joto ya Amerika ya Kusini na Kati, hasa nchini Ecuador, ambako huvunwa ukiwa na umri wa miaka michache tu. Seli za mti huo ni kubwa na kuta zake ni nyembamba, kwa hiyo ubao wake mwepesi kabisa, baada ya kukaushwa, huwa na uzito wa kilo 64 hivi kwa mita ya ujazo, ambao ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa ubao wa mvule. Mbao za balsa hata hivyo hazilingani, na muundaji makini hutumia muda mwingi kuzichagua, akipima kila kipande kwa mizani inayosoma sehemu za elfu za gramu na kukipinda taratibu ili ajue ukakamavu wake. Kijiti kinachobeba mpira ndicho chenye kazi ngumu kuliko vyote, kwa kuwa mpira uliosokotwa huvuta ncha zake mbili kwa nguvu na kutaka kukikunja. Ili kiwe chepesi na wakati huohuo kiwe imara, hutengenezwa kama mwanzi ulio wazi ndani: kipande chembamba cha balsa, chenye unene usiofika nusu milimita, hulowekwa, huviringishwa juu ya ufito wa chuma, kisha hukaushwa na kugundishwa mshono wake. Juu yake hupitishwa waya mwembamba kuliko unywele, unaokazwa ili kijiti kisipinde, na waya kama huo hushikilia pia mabawa.

Utando unaofunika mabawa una historia ya kuvutia zaidi. Kwa miongo mingi, tangu miaka ya 1930, warushaji walijitengenezea wenyewe utando ulioitwa mikrofilamu, kwa kutumia aina ya vanishi iliyochanganywa na mafuta kidogo ili isiwe na ukavu wa kupasuka. Matone machache ya mchanganyiko huo yalimwagwa juu ya maji yaliyotulia ndani ya beseni pana. Yalisambaa kwa sekunde chache na kuganda kuwa ngozi yenye unene usiofika sehemu moja ya elfu ya milimita, ambayo iliinuliwa polepole kwa kitanzi kikubwa cha waya na kuachwa ining'inie hadi ikauke. Unene wake ulisomwa kwa rangi. Mwanga unaorudi kutoka upande wa juu wa utando hukutana na ule unaorudi kutoka upande wa chini, na kutegemea unene ulio kati yao baadhi ya rangi huimarishwa na nyingine hufutwa, kwa hiyo bawa moja lingeweza kung'aa dhahabu, kijani na zambarau kwa pamoja, na mtu mzoefu aliweza kukadiria uzito wa utando kwa kuutazama tu. Siku hizi wengi hutumia utando wa plastiki unaotengenezwa viwandani, ambao ni mwembamba kiasi hichohicho na hauchakai haraka. Mabadiliko hayo yamewaokolea watu masaa mengi, lakini yameondoa pia ujuzi mmoja mzuri uliokuwa ukipita kutoka mkono hadi mkono, na si vibaya kwamba wapo wachache wanaoendelea kumwaga utando wao majini.

Mpira nao unadai uangalifu wa aina yake. Unaofaa ni mpira wa asili, unaotokana na utomvu wa mti wa mpira, kwa sababu hurudisha sehemu kubwa ya nishati iliyotiwa ndani yake kuliko mipira mingi ya kutengenezwa. Hata hivyo ubora wake hubadilika kutoka toleo moja la kiwanda hadi jingine, na warushaji huyataja matoleo hayo kwa mwezi na mwaka. Mpira wa rangi ya udongo uliotoka Mei 1999, kwa mfano, ulipata sifa kubwa hata watu wakauhifadhi mahali penye giza na ubaridi kwa miaka mingi, wakiukata kidogo kidogo kwa ajili ya mashindano makubwa. Utepe hukatwa kwa mashine ndogo hadi upana unaotakiwa, hufungwa fundo ukawa kitanzi, huoshwa ili kuondoa unga wake, na hupakwa mafuta ili nyuzi zisikwaruzane zinaposokotwa.

Kusokota hufanywa nje ya ndege, kwa mashine ya mkono yenye gia inayozidisha kila mzunguko wa mkono kuwa mizunguko kumi au zaidi ya mpira. Kwanza mpira hunyooshwa mara kadhaa ya urefu wake, kisha husokotwa huku mrushaji akisogea karibu hatua kwa hatua, macho yake yakiwa kwenye kipimo kinachoonyesha nguvu ya msokoto. Idadi ya mizunguko hupita elfu moja kwa urahisi, na kila mzunguko wa mwisho huongeza hatari ya mpira kukatika. Kwa sababu hiyo mpira husokotwa mbali na ndege na kuhamishiwa kwenye ndoana zake ukiwa tayari, kwani mpira ukikatika ukiwa ndani ya ndege huivunja vipande vipande kabla mtu hajawahi kupepesa jicho.

Tatizo kubwa la kitaalamu liko katika tabia ya mpira wenyewe. Mpira uliosokotwa kikamilifu hutoa nguvu nyingi sana mwanzoni, kisha hutulia kwa kipindi kirefu chenye nguvu ya wastani, na mwishoni hulegea. Rafadha ya kawaida ikipewa nguvu ile ya mwanzo, ndege hupanda kwa pupa, hugonga dari na kutumia bure mizunguko ambayo ingeifaa baadaye. Dawa moja ni kusokota hadi karibu na mwisho na kisha kurudisha mizunguko kadhaa nyuma, ili kilele cha nguvu kiondolewe na wingi wa mizunguko ubaki. Dawa nyingine, iliyo ya ubunifu mkubwa zaidi, ni rafadha inayojibadilisha pembe: katikati yake kuna bawaba ndogo na chemchemi ya waya, na msokoto unapokuwa mkali makafi hujipindua na kushika hewa kwa pembe kubwa, hivyo huzunguka polepole, na msokoto unapopungua, chemchemi huyarudisha kwenye pembe ndogo. Mtambo huo wote, pamoja na skrubu za kuurekebisha, hupimwa kwa sehemu ndogo za gramu. Ni vigumu kutaja kifaa kingine cha kujiongoza kinachofanya kazi yake kwa ukamilifu huo kikiwa na uzito mdogo hivyo.

Ndege hizi huruka kwa duara, kwa kawaida kuelekea kushoto, kwa sababu rafadha inayozunguka upande mmoja huisukuma ndege kulala upande wa pili. Badala ya kupambana na hali hiyo, waundaji huitumia: bawa la kushoto hufanywa refu kidogo kuliko la kulia na kupindwa ili liinue zaidi, na mkia huinamishwa, ndege ikapata mzingo wa kudumu unaoiweka mbali na kuta. Ikianza kupotea njia, mrushaji anaruhusiwa kuielekeza kwa kamba ya puto la heliamu au kwa ufito mrefu, akiigusa kwa wepesi bila kuipandisha. Washindani hupewa miruko sita, na miwili iliyo bora ndiyo hujumlishwa.

Jengo lenyewe ni nusu ya mashindano. Hewa ya ukumbi haitulii kamwe, maana jua likipiga ukuta mmoja hewa iliyo karibu nao hupanda, taa huzipasha joto sehemu za dari, na kundi la watazamaji hutoa joto la kutosha kuinua mkondo unaoweza kuichukua ndege yenye uzito huo. Ndiyo maana wapenzi wa mchezo wamezitafuta kumbi za ajabu. Nchini Romania, huko Slănic katika mkoa wa Prahova, kuna mgodi wa chumvi uliochimbwa kuanzia mwaka 1943 hadi 1970, ambao vyumba vyake viko zaidi ya mita 200 chini ya ardhi na dari zake zina urefu wa mita 54. Joto lake hubaki kwenye nyuzi 12 hivi mwaka mzima, na mashindano ya dunia yamefanyika humo zaidi ya mara moja. Huko Indiana nchini Marekani, hoteli ya West Baden Springs iliyofunguliwa mwaka 1902 ina kuba lenye kipenyo cha karibu mita 61, ambalo kwa miaka kadhaa lilikuwa kubwa kuliko yote duniani ya aina yake, nalo limekuwa makao ya mchezo huu kwa vizazi.

Kumbi nyingine zilijengwa kwa ajili ya vyombo vikubwa vya angani vilivyoelea kwa gesi. Mabanda ya Cardington nchini Uingereza, ambamo chombo cha R101 kiliundwa kabla ya kuanguka Ufaransa Oktoba 1930 na kuua watu 48, yalitumiwa kwa miongo mingi na warushaji wa ndege za gramu moja, na vivyo hivyo banda la Lakehurst katika jimbo la New Jersey, karibu na uwanja ambapo chombo kingine cha aina hiyo, Hindenburg, kiliteketea mwaka 1937. Majengo hayo hata hivyo hayakuwekwa kwa ajili yao. Baadhi yamekodishwa kwa watengeneza filamu, mengine hayafunguliwi tena, na mojawapo ya mabanda mawili ya mbao ya Tustin, California, yaliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, liliteketea kwa moto Novemba 2023. Upungufu wa kumbi unaumiza mchezo huu kuliko bei ya vifaa, na wenye majengo marefu wanaowafungulia milango warushaji hawa hata kwa siku moja wanaufaa kuliko wanavyodhani.

Katika kukabiliana na upungufu huo, na pia na ustadi wa washindani unaozidi kukua, kanuni zimekuwa zikibanwa. Miaka ya 1990 bawa la F1D liliruhusiwa kufika sentimita 65 na ndege ilitakiwa kuwa na gramu 1 tu. Uzito wa chini umeongezwa tangu hapo, bawa limefupishwa, na mpira umepunguzwa hadi gramu 0.6 na baadaye 0.4. Kila mabadiliko yalipunguza muda wa miruko, na kila mara baada ya misimu michache waundaji waliurudisha sehemu kubwa kwa rafadha bora, mbao zilizochaguliwa vizuri zaidi na usokotaji wenye nidhamu. Wapo wanaolalamika kwamba rekodi za zamani zimefungiwa zisiweze kuvunjwa tena. Hoja yao ina uzito, lakini mchezo ambao ndege zake zimeshazidi urefu wa dari zilizopo hauwezi kubaki bila mipaka.

Rekodi zenyewe huhifadhiwa kwa kufuata urefu wa dari, katika makundi manne: chini ya mita 8, kati ya 8 na 15, kati ya 15 na 30, na zaidi ya 30. Mgawanyo huo una maana kubwa kwa watu wasio na mgodi wala banda la kale, kwa kuwa ukumbi wa kawaida wa shule una rekodi zake zinazostahili kushindaniwa. Yapo pia madaraja mepesi kwa wanaoanza, ambamo ndege huwa na uzito wa gramu 3 hivi, hufunikwa kwa utando wa kawaida wa plastiki na huundwa kwa jioni chache. Nchini Marekani wanafunzi hujifunza kanuni za hewa kwa kuziunda na kuzipima kwa saa.

Hata bingwa wa dunia hufanya sehemu kubwa ya majaribio yake katika kumbi fupi za namna hiyo. Badala ya mpira mzima hutumia robo yake, na nafasi iliyobaki kwenye kijiti huijaza kwa kipande cha mti chenye uzito unaolingana na robo tatu zilizoondolewa, ili uzito wa ndege usibadilike. Ndege hiyo hupanda robo tu ya kimo chake na kukaa hewani robo ya muda wake, na muda huo ukizidishwa kwa nne humwonyesha mrushaji, kwa usahihi wa kutosha, kile ambacho ndege yake ingefanya chini ya dari ndefu.